Mteremko Usioporomoka

Tangu nirudi Shela, hapa Lamu, kila baraza nipitalo naulizwa swali lile lile: theluji ikoje? Nimelijibu mara nyingi hata najua uso wa muulizaji utakunjamana wakati gani. Watu wanataka niseme ni kama pamba, au kama ile barafu inayoota ndani ya friji la duka, au kama unga wa ngano. Mimi nasema ni kama mchanga.

"Mchanga?"

"Mchanga."

Hapo mtu hunitazama kama aliyeuziwa samaki wa juzi. Miezi miwili na nusu Ulaya, nauli ya ndege, koti la kuazima, halafu nirudi niwaambie nimeona mchanga, tena watu ambao msimu wa kusi wanautoa masikioni kila jioni. Mjomba wangu, aliyekuwa nahodha maisha yake yote na ambaye hana subira na hadithi mbovu, aliniambia ningebaki nyumbani nikapanda matuta yetu, ingekuwa rahisi zaidi.

Lakini ndivyo ilivyo, wala siwezi kueleza lililonipata huko bila kuanzia kwenye matuta ya Shela.

Sisi watoto wa hapa tulijua kuteleza kabla hatujajua kwamba kuna watu wanaolipa pesa kuteleza. Chombo chetu kilikuwa karara la mnazi, lile ganda gumu linalofunika maua ya mnazi kabla hayajafunguka. Ukipata lililokauka vizuri, lenye mgongo laini, ulilificha chini ya kitanda wasije ndugu zako wakalifanya kuni. Tulipanda tuta kwa upande wa bahari, ambako upepo wa kusi umeugandamiza mchanga hata ukakaza na mguu hauzami. Tukifika juu tulikaa kwenye karara na kujitupa upande wa pili, ule uliokingwa na upepo, ambako mchanga ni mteke na mteremko ni mkali. Hakuna aliyetufundisha kwamba tuta lina pande mbili za tabia tofauti. Nyayo zilijua. Tulijua pia kwamba ukisimama ukingoni kabisa na kupiga mguu chini, kipande cha mchanga chenye upana wa mkeka hukatika na kuteremka chenyewe kwa sauti ya mtu anayevuta pumzi. Tulikuwa tunafanya hivyo kwa makusudi, kwa raha tu.

Mama alikataza kitu kimoja: kuchimba pango tutani. Nafikiri alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mchanga humfunika mtoto kimya kimya. Ya pili hakuisema waziwazi, lakini kila mtu wa Shela anajua kwamba chini ya mchanga ule wamelala watu wa vita vya Shela, vya mwanzo wa karne ya 19, na wazee husema upepo ukipenda hufunua mfupa mmoja mmoja.

Sasa huko. Dada yangu ameolewa Austria, jimbo la Tirol, katika bonde lenye milima pande zote hata jua la Januari huwafikia karibu na adhuhuri. Alijifungua mtoto wa pili, na mama magoti hayamruhusu kupanda ndege, basi nikatumwa mimi, mwanamume, fundi seremala, nisiyejua lolote la uzazi, na makopo mawili ya halwa na maneno ya kufikisha. Kwa kawaida ya kwetu jambo hilo ni kichekesho, na dada alicheka kweli. Baada ya siku tatu akaniona nimekaa dirishani kama paka wa kufungiwa, akamwambia mumewe: mchukue huyu, mpeleke mlimani.

Shemeji ni fundi umeme. Kiswahili chake amekiokota hapa hapa Shela, kwa hiyo anasema "ndoo" badala ya "njoo" kama sisi, kisha anakosea ngeli zote. Siku za kazi hutengeneza nyaya; Jumamosi na Jumapili haonekani nyumbani. Nilidhani anakwenda kule kunakoonekana kwenye picha za matangazo, ambako watu huketi kwenye viti vinavyoning'inia wakapandishwa juu na kuteremka njia iliyosawazishwa na mitambo usiku kucha. Akakunja uso. Huko, aliniambia, mlima umeshafugwa. Kuna watu kazi yao ni kulipua baruti alfajiri ili theluji mbaya ianguke kabla watalii hawajaamka. Yeye hupanda kwa miguu yake mahali ambapo hapana kiti, hapana mtambo na hapana mlinzi, akateremka mara moja, akarudi nyumbani. Saa nne za kupanda kwa dakika ishirini za kuteremka. Nilipiga hesabu hiyo kichwani nikaona biashara ya hasara.

Kinachomwezesha kupanda ni ngozi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndicho kitu kilichonipendeza kuliko vyote. Chini ya kila skii, ule ubao mrefu wa kutelezea unaofungwa mguuni, hubandikwa utepe mrefu wenye manyoya mafupi yaliyolala kuelekea nyuma. Ukiisukuma skii mbele, manyoya yanalala na yenyewe inateleza. Ikitaka kurudi nyuma, yanasimama na kuishika theluji. Mpapase paka kutoka kichwani kwenda mkiani, kisha mpapase kinyume, utaelewa. Au kama umewahi kushika ngozi ya papa, huhitaji paka. Zamani ilikuwa ngozi ya sili kwelikweli. Siku hizi ni manyoya ya mbuzi wa Angora au nailoni, na gundi yake hubanduka na kubandikwa tena mara nyingi. Mkifika kileleni mnazibandua, mnazikunja mnaweka begani, na mbao zilizokuwa ngazi zinakuwa karara. Dadake shemeji yeye hutumia snoubodi, ubao mmoja wa kutelezea kwa miguu yote miwili, ila yake ni inayopasuliwa katikati kwa urefu: anapanda nayo ikiwa vipande viwili kama skii, kisha juu anaiunganisha iwe ubao mmoja. Mimi kama seremala niliigeuzageuza ile snoubodi nusu saa. Ndani yake ni vipande vya mti vilivyogundishwa ubavu kwa ubavu, na vile vyuma vya kuungia vilikuwa safi mno. Niliona wivu wa kazi.

Jioni kabla ya safari shemeji alikuwa akizipaka skii zake nta kwa pasi, akiikwangua na kuisugua, na nikakumbuka majahazi yaliyokokotwa ufukweni yakipakwa sifa. Tofauti ni kwamba nta inanukia vizuri, na sifa, iliyo mafuta ya maini ya papa, ukiipaka Jumatatu watu watakukwepa mpaka Ijumaa.

Kuhusu kujifunza kwangu sitasema mengi. Wiki mbili kwenye kilima cha wanafunzi, pamoja na watoto wa miaka minne waliokuwa wakinipita chini ya kwapa. Mzee mmoja wa jirani, alipojua natoka pwani ya Kenya, akanitajia Sabrina Simader kama mtu anayetaja mtoto wa ndugu yake. Ni kweli: msichana huyo alizaliwa Kilifi, akapelekwa Austria angali mdogo, na mwaka 2018 aliteremka mlima kwenye Olimpiki ya Pyeongchang akiwa amevaa rangi zetu. Kilifi! Niliposikia hivyo nikaanguka mara tatu mfululizo kwa kujaribu kusimama wima kizalendo. Huyo mzee alimkumbuka Philip Boit pia, aliyekimbia kilomita 10 za skii kule Nagano mwaka 1998 akamaliza wa mwisho, na Bjørn Dæhlie wa Norwei, aliyekwishashinda zamani, akabaki kumsubiri mstarini amkumbatie. Mimi nilijifariji na huyo wa pili.

Mama alikuwa akipiga simu kila siku kuuliza habari ya "hiyo baridi". Hakuita theluji hata mara moja. Nimewahi kusoma kwamba mwaka 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alipokiona kilele cheupe cha Kilimanjaro, alimuuliza mtu aliyekuwa akimwongoza ule weupe ni nini, na yule mtu hakuwa na jina la kuupa ila "baridi". Mabingwa wa jiografia walioketi Uingereza wakambishia Rebmann, wakasema theluji karibu na ikweta haiwezekani. Yule kiongozi wa njia hakubishana na mtu. Alikuwa amesema alichokihisi, kama mama.

Nikadhani sasa tutapanda. Kumbe kabla ya kupanda kuna kusoma. Tirol wana idara yao ya kutoa tahadhari ya maporomoko ya theluji. Kila jioni saa kumi na moja taarifa ya kesho hutoka, na shemeji huisoma kama mjomba wangu alivyokuwa akiangalia mawingu. Hatari hupimwa kwa ngazi 5. Ngazi ya 1 kila mtu hutoka, ya 5 hata nyumba hazina usalama. Nilidhani watu wengi zaidi hufa kwenye 4 na 5. Sivyo. Ngazi ya 3 ndiyo inayochukua wengi. Kwenye 4 watu huogopa wakabaki majumbani. 3 iko katikati, mtu anaweza kujibembeleza nayo.

Ngazi ya 5 wanaijua vizuri pia. Tarehe 23 Februari 1999, katika kijiji cha Galtür jimboni humo humo, theluji iliyokusanywa na dhoruba za wiki kadhaa iliteremka ikaingia hadi katikati ya nyumba na kuua watu 31. Siku iliyofuata ikaua wengine 7 katika kitongoji cha Valzur. Hawa hawakuwa wanateleza popote. Walikuwa kwao. Shemeji alikuwa shule wakati huo, na mpaka leo hapendi mvumo wa helikopta.

Halafu akanieleza linalofanya theluji iue, na ndipo nilipoanza kusema mchanga. Upepo hupiga upande mmoja wa mgongo wa mlima, unaifagia theluji na kuimwaga upande wa pili, uliokingwa. Huko inajishindilia ikawa bamba, zito na gumu kwa juu, zuri kwa macho. Nikamwambia: hilo ni tuta la Shela. Akasema ndiyo, ila chini ya bamba kunaweza kuwa na kitu ambacho tuta halina. Usiku usio na mawingu, wenye nyota, unyevu wa hewani huganda juu ya theluji ukaota vijani vidogo vya kioo, vinavyometameta asubuhi kama mapambo ya bibi harusi. Vikifunikwa na theluji mpya vinabaki humo ndani vimesimama kwa siku nyingi, vimebeba bamba zima juu ya vichwa vyao. Uzito wa mtu mmoja unatosha kuviangusha mahali pamoja, na kuanguka kwao kunakimbia chini ya bamba upesi kuliko unavyoweza kugeuza kichwa. Mwinuko wa hatari ni ule wa nyuzi 30 hadi 45 hivi. Mchanga mkavu haukubali kusimama zaidi ya nyuzi 34 au karibu yake: ukizidi unateremka kidogo kidogo, hauweki deni. Theluji inakubali. Inasubiri mtu.

Na mara nyingi anayefukiwa ndiye aliyeliporomosha bamba, yeye au mwenzake. Ndiyo maana hupandi bila vitu vitatu: kifaa cha redio kifuani kinachotoa na kunasa mawimbi ya kilohezi 457, sepetu, na ufito wa kukunjwa ambao ukiunyoosha ni upondo kabisa, isipokuwa badala ya kusukumia mashua unadungia theluji kutafuta mtu. Shemeji alifukia kifaa kimoja bustanini ndani ya mfuko wa viazi, akaniambia nikitafute. Nilichukua dakika kumi na tisa. Hakusema kitu, akaenda ndani kutengeneza chai. Dada ndiye aliyeniambia: ndani ya dakika 10 au 15 za mwanzo aliyefukiwa ana nafasi kubwa ya kutoka hai, zikipita hizo, nafasi hupungua upesi, maana theluji ikishasimama hushikana kama chokaa ya ukutani na mtu hawezi kuinua hata kidole, na pumzi anayoitoa ndiyo anayoivuta tena. Helikopta haiwahi. Anayekuchimbua ni uliyetoka naye. Nilirudia zoezi lile mpaka nikafika dakika sita, na viazi vilikuwa vimeharibika.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya Februari, ngazi ya 3. Tulikuwa watatu: shemeji mbele, dadake katikati, mimi nyuma. Theluji ya usiku ilikuwa imekoma, mbingu buluu ya Kaskazi, nyuzi 12 chini ya sifuri. Tulipanda kupitia msitu wa misonobari kwa saa mbili na kitu, kwenye mteremko wa kawaida usioweza kuporomoka. Nilikwishapata mwendo. Sikuinua miguu tena. Niliiburura, kama alivyonielekeza. Sauti pekee ilikuwa ya ngozi zikisugua.

Tulipotoka juu ya msitu, kilele kilikuwa palee, na kati yetu na kilele bonde pana jeupe lisilo na mchoro. Hakuna alama hata moja. Sijawahi kuona kitu kinachoomba kukanyagwa namna ile. Shemeji akasimama. Alitazama mgongo wa mlima, ambako theluji ilikuwa imetokeza ukingoni kama roshani, ikielekea kwetu. Maana yake upepo ulitoka upande wa pili na sisi tulikuwa chini ya upande uliokingwa. Akatupa hatua tano mbele mahali tambarare, na hapo ardhi ikasema.

Wao huiita kwa sauti yake, wum. Mimi naweza kusema tu kwamba ilikuwa kama mtu mnene ameketi ghafla kwenye godoro kubwa, chini yetu na mbele yetu pamoja, na nikahisi nimeshuka kama upana wa kidole. Hakuna kilichotembea. Tulikuwa mahali tambarare. Lakini vile vijani vya kioo vilikuwa vimeanguka.

"Turudi," shemeji akasema.

Nitasema ukweli: nilikasirika. Nilikuwa nimetoka Lamu, nimeanguka wiki mbili mbele ya watoto, nimeamka saa kumi usiku, na kilele kilikuwa nusu saa. Dadake alikuwa ameshaanza kubandua ngozi bila neno. Tukateremka kule kule tulikopandia, mimi nikianguka kila kona, na nusu ya chini tukasimama kula mkate na tende.

Tukiwa tunakula tukawaona watu wanne. Walikuwa wamepanda kwa njia nyingine, nyuma ya mgongo, na sasa walikuwa juu ya bonde lile jeupe. Tukaacha kutafuna. Wa kwanza akaingia, akachora mstari mzuri ajabu, mizunguko sawasawa kama nakshi, unga mweupe ukiruka nyuma yake. Wa pili. Wa tatu alipiga ukelele wa furaha, tukausikia. Wa nne alikuwa na snoubodi. Wote wakafika chini. Bonde halikutikisika.

Nilimtazama shemeji. Nilitaka aseme walikuwa na bahati, au aseme yeye alikosea. Alifunga chupa ya chai.

"Hawa sasa watarudi wiki ijayo," akasema. "Mimi nateremka milima hii miaka kumi na minane. Ni mara ngapi nilikuwa sahihi na mara ngapi nilibahatika tu, sijui. Mlima hauniambii. Nikikosea, nafika nyumbani vilevile, nakula."

Neno hilo nilikuja nalo mpaka Shela. Katika useremala, nikikosea kipimo mlango haufungi, na mwenye nyumba ataniambia kabla hajamaliza kahawa. Ndivyo mkono unavyojifunza. Nikajaribu kufikiri ufundi ambao unakosea na mlango unafunga, unakosea tena na mlango unafunga, miaka ishirini, unasifiwa, unapewa wanafunzi.

Nilimsimulia mjomba yote hayo barazani, baada ya Ishaa. Alisikiliza vizuri mpaka kwenye ngozi za kupandia, ambazo zilimfurahisha sana, akauliza aina ya mbuzi na bei yake. Kwenye upepo alitikisa kichwa kukubali. Kwenye kurudi nyuma alikubali zaidi, akanikumbusha Mkanda, ule mlango wa maji wa kwenda Pate: ukifika maji yamekupwa unatia nanga, unapika wali, unangoja, na abiria akitukana unampa wali. Lakini Mkanda, nikamwambia, fungu lake unalijua lilipo, na ukikosea chombo kinakwama mchana kweupe kila mtu akakuona. Akasema hilo nalo kweli. Kisha nikafika kwa wale wanne.

"Wakateremka?"

"Wakateremka."

"Salama?"

"Salama wote."

"Na hiyo theluji ikaanguka lini?"

"Haikuanguka, mjomba. Mpaka naondoka, haikuwa imeanguka."

Akaweka kikombe chini. "Basi hiyo si hadithi," akasema. "Hadithi, chombo chazama au chafika. Wewe waniletea watu wamerudi na watu wamefika, na hakuna aliyekosa."

Wiki iliyofuata nilikuwa napita pale pale na ubao begani, nikamsikia akiwasimulia vijana wawili wa mashua habari za shemeji yake mpwawe, Mzungu mmoja mwenye akili sana, aliyesikia mlima ukinong'ona akawarudisha watu wake, na mara wakatokea wengine, wakaidi, wakaingia, na theluji ikawafunika wote, saba.

Aliniona. Nikaweka ubao chini nikakaa, na kijana mmoja akanigeukia akaniuliza kama niliwaona kwa macho yangu.